Mjomba, bastola ndogo imeniumiza mkono. Nichague ipi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa miaka 56, mfamasia. Zamu yangu huisha usiku na mara nyingi mimi ndiye ninayefunga milango. Mwaka jana nilivamiwa nikielekea kwenye gari. Walichukua mkoba na simu, wakaniachia jino lililovunjika. Baada ya hapo nikasoma kozi, nikafanya mtihani, nikapata kibali cha kumiliki bastola na kuibeba ikiwa imefichwa ndani ya nguo. Hakuna hatua ya kisheria niliyoiruka.

Nilinunua Glock 19 kwa sababu ndiyo niliyofundishiwa, na naipiga vizuri. Shida yangu ni kuibeba. Ni nzito, inachomoza kwenye blauzi, na nikiinama kuchukua dawa kwenye rafu ya chini inanichoma mbavu. Mwezi wa kwanza niliibeba kila siku, mwezi wa pili siku mojamoja, na sasa inalala kwenye sefu mimi nikitembea mikono mitupu. Nimeona heri nitafute ndogo ya mfukoni.

Rafiki yangu akanijaribisha yake, Ruger LCP, kwenye uwanja wa shabaha. Mjomba, kitu kinaenea kiganjani kama simu, lakini teke lake lilinitoa machozi. Nilipiga risasi 5, na kwenye ya 4 ganda likakwama. Hata kuikoki, yaani kuvuta kile kipande cha juu ili risasi iingie mtutuni, kulinishinda mpaka akanisaidia, maana nina baridi yabisi kwenye gumba la mkono wa kulia. Nikaenda dukani, muuzaji akanitolea moja ya rangi ya waridi akasema hiyo ndiyo ya akina mama. Kaka yangu anashikilia nichukue rivolva, ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, kwa kuwa haikwami. Mume wangu anasema nichukue yoyote ile, mradi iwe ndogo, kwani kazi yake ni kumtisha mwizi tu.

Naomba unisaidie: nichague ipi? Naweza kuiweka kwenye mkoba? Na je, risasi ikae tayari ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu inapofyatukia, au niikoki siku ya shida? Niongeze kwamba mjukuu wangu wa miaka 4 hulala kwetu kila mwisho wa wiki.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana kwa yaliyokupata. Barua yako niliisoma jioni nikairudia asubuhi, kwa sababu kuna jambo ndani yake linalonitia hofu kuliko teke la LCP, nalo ni lile la mume wako kuhusu kutisha. Nianze na hilo.

Bastola haitolewi kwa ajili ya kutisha. Aliyekuvamia hajaahidi kukimbia. Akikuona umeitoa na mkono unatetemeka, hujaamua kama utapiga au hutapiga, ataisogelea na kukunyang'anya, na hapo atakuwa na silaha ambayo hakuja nayo. Isitoshe, katika nchi nyingi kumwelekezea mtu bastola wakati maisha yako hayamo hatarini ni kosa, hata usipofyatua. Kwa hiyo bastola yako itatoka siku moja tu, siku ambayo unaona wazi unauawa au unajeruhiwa vibaya na huna pa kukimbilia. Mkoba wape. Simu wape. Gari wape. Zungumza na mume wako mpaka mkubaliane kwa hili, kwa sababu ushauri wake utakurudia kichwani wakati mbaya.

Ukilikubali sharti hilo, swali linabadilika. Bastola ambayo haitolewi mpaka pasiwe na njia nyingine lazima ipige unapotaka, ipige unapolenga, na mkono wako uimudu. Udogo uje baada ya hayo. Wengi wanaonijia kuuliza habari za bastola za mfukoni wameanza na mfuko. Mimi nitaanza na gumba lako.

Kwanza uelewe kwa nini ile ndogo ilikuumiza na kubwa haikuumizi. Watu hudhani bastola ndogo ni laini kama mtoto. Ni kinyume kabisa. Glock 19 bila risasi ina karibu gramu 600. LCP bila risasi ina karibu gramu 270. Risasi ya LCP, .380 ACP, ambayo kwa vipimo vya milimita huandikwa 9x17, ni dhaifu kuliko 9x19 ya Glock yako, ila chombo kinachopokea teke hakifiki hata nusu ya uzito wa kile ulichokizoea. Halafu mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinabaki hewani hakina cha kushika. Tena ni mwembamba, kwa hiyo nguvu yote inaingia kwenye ile nyama kati ya gumba na kidole cha shahada, pale pale penye maradhi yako.

Na lile ganda lililokwama lina maelezo. Bastola ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, hutumia nguvu ya risasi yenyewe kurudisha nyuma slaidi, kile kipande cha juu, ili iteme ganda na ichukue risasi nyingine. Slaidi inakamilisha safari yake iwapo mpini umeshikwa imara. Kifundo cha mkono kikilegea na kurudi nyuma pamoja na bastola, slaidi inaishia njiani na ganda linabaki limenasa. Glock 19 ina uzito wa kuvumilia mkono uliolegea kidogo. Vile vidogo havivumilii. Huenda baada ya risasi ya 3 mkono wako ulikuwa umeshaanza kujihami dhidi ya maumivu. Usijilaumu, hata vijana wenye mikono ya kubeba magunia nimewaona wakikwamisha bastola hizi.

Ugumu wa kuikoki nao una sababu, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Katika bastola za aina ya Walther PPK, iliyotoka 1931, mtutu haujifungi na slaidi. Kinachoizuia slaidi isirudi mapema mno ni uzito wake na ugumu wa springi, basi. Ndiyo maana PPK ya .380 ina springi ngumu na teke kali, ingawa ni ya chuma na nzito. Katika LCP na Glock 42 mtutu na slaidi hushikana kwa muda mfupi mno risasi inapotoka, kisha huachana. Springi haibebi kazi yote peke yake. Ukipewa .380 yoyote mkononi, uliza kama mtutu unajifunga. Jibu hilo litakueleza mengi kuliko rangi yake.

Kabla hujaamua kwamba huwezi kukoki, badili namna ya kukoki. Nina hakika ulibana slaidi kwa gumba na shahada ukavuta, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Acha hivyo. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea upande salama na kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Ikumbatie sehemu ya nyuma ya slaidi kutoka juu kwa kiganja kizima cha mkono wa kushoto, mbali na mdomo wa mtutu. Kisha mkono wa kulia usukume mpini kwenda mbele kwa nguvu wakati wa kushoto unavuta nyuma, na mwisho uachie slaidi iende yenyewe, usiisindikize. Kazi inafanywa na mabega. Fanya hivyo ukiwa na bastola tupu, mbele ya mkufunzi wako, mara 10. Kama mara ya 10 gumba linauma kuliko ya kwanza, tuna jibu letu.

Sasa nitaje majina. Mimi ningekuanzisha na Glock 42. Ilitoka 2014, inapiga .380 ile ile ya LCP, inachukua 6 kwenye magazini, lakini ina karibu gramu 390 na mpini unaoshikika. Hizo gramu 120 za ziada utazisikia kwenye kiganja. Slaidi yake ni nyepesi kuivuta kuliko umbo lake linavyodokeza, na kwa kuwa unatoka kwenye Glock 19, kifyatulio chake hakitakuwa kigeni. Ubaya wake ni mfuko: urefu wake ni karibu milimita 151 na kimo 105, wakati LCP ni karibu 131 kwa 91. Kuna suruali zitakazoikubali na nyingi zitaikataa.

Kaka yako naye hajakosea kabisa. Rivolva haina slaidi ya kukoki wala magazini ya kuharibika, na risasi moja ikigoma unabonyeza tena, silinda inaleta nyingine. Zile ambazo nyundo yake imefichwa ndani, kama Centennial ya Smith & Wesson ya 1952 na mrithi wake Model 642, hazina kitu cha kunasa kwenye kitambaa unapoitoa. Kinachonisumbua ni kwamba 642 ina karibu gramu 400 na inapiga .38 Special, teke lake linashindana na la LCP iliyokutoa machozi. Ina risasi 5 tu. Na kifyatulio chake ni kirefu na kizito, cha kilo 5 hivi, kidole kimoja kikibeba mzigo wote kila risasi. Gumba linapona, shahada inateseka. Jaribu hivi: rivolva tupu, umeikagua mwenyewe na mkufunzi ameikagua, bonyeza kifyatulio mara 15 mfululizo ukiangalia alama ya kulengea ya mbele. Ikitulia mpaka mwisho, rivolva ni yako. Ikianza kucheza kwenye ya 6, achana nayo.

Ukipenda rivolva lakini teke likakushinda, kuna njia ambayo watu huisahau. Ruger LCR inatengenezwa pia kwa kaliba, yaani kipimo cha risasi, ya .327 Federal Magnum. Hiyo risasi yenyewe ni kali, usiiguse. Lakini silinda ile ile inakubali .32 H&R Magnum na .32 S&W Long, ambazo ni nyororo zaidi, na inabeba 6 badala ya 5. Kwa mkono wenye baridi yabisi naiheshimu sana. Tatizo ni upatikanaji wa hizo risasi za .32, kwa hiyo ulizia risasi kwanza kabla ya kununua bastola.

Utasikia pia habari za Beretta Tomcat ya .32 ACP, ambayo mtutu wake unainuka upande wa nyuma kama kifuniko, unaweka risasi kwa mkono bila kugusa slaidi. Ni ubunifu mzuri kwa mikono dhaifu. Ila haina kile kikucha cha kuvuta ganda, hivyo risasi ikigoma lazima uinue mtutu uitoe. Naiweka nafasi ya tatu.

Zile 9x19 ndogo, kama SIG Sauer P365 ya 2018 inayobeba 10 kwenye magazini, ni kazi nzuri ya ufundi, na mtu mwenye mkono mzima ningemwelekeza huko bila kusita. Kwako wewe, hapana. Na ile ya rangi ya waridi, kama ni kaliba na uzito ule ule uliokuumiza, itakuumiza vile vile.

Kuhusu nguvu ya risasi sitakuchosha. Kipimo cha FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, kinataka risasi ipenye inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 46, ndani ya gelatini ya majaribio. .380 kutoka kwenye mtutu mfupi mara nyingine inahangaika kufika huko huku ikitanuka kama ilivyoundwa, ndiyo sababu wapo wanaochagua za ncha butu zisizotanuka. Angalia pia sheria yako, kuna nchi zinazowakataza raia zile zinazotanuka. Lakini kama unaweza kuzipiga 5 za .380 ndani ya duara la sahani kwa mita 5, uko salama kuliko ukiwa na 9x19 unayoifumbia macho.

Mkoba: hapana. Umeshaibiwa mkoba mara moja, na siku ile ungekuwa umewakabidhi bastola. Mkoba unawekwa chini, unaning'inizwa kwenye kiti, unasahauliwa. Na mtoto wa miaka 4 anajua kwamba kwenye mkoba wa bibi hukaa peremende. Nakuomba sana, hilo liondoe kabisa kwenye mawazo yako.

Usiiweke pia kwenye mfuko wa koti jeupe la kazini, maana nahisi hilo ndilo utakaloliona la kwanza. Mfuko wake ni wa wazi, kitambaa chepesi, bastola itaning'inia na umbo lake kuonekana na kila mgonjwa, na koti lenyewe unalivua na kulitundika.

Mfuko unaofaa ni wa mbele wa suruali au sketi, wenye kina cha kuizamisha bastola yote na mdomo mpana wa kutosha mkono kutoka ukiwa umeshika. Nguo nyingi za wanawake zimenyimwa mifuko hiyo, kwa hiyo mpelekee fundi cherehani nguo zako, mwambie aongeze kina na atumie kitambaa kigumu. Ndani ya mfuko bastola ikae kwenye ala yake ya mfukoni, inayofunika kifyatulio chote, yenye umbo linalovunja mchoro wa bastola na uso unaong'ang'ania kitambaa ili ala ibaki wakati bastola inatoka. Mfuko huo ni wa bastola peke yake. Ufunguo, kalamu, sarafu, karatasi ya dawa, hakuna kinachoingia humo. Kitu chembamba kikiingia kwenye kifyatulio, paja lako ndilo litakalolipa. Unapoitoa, usikunje ngumi, itakwama mdomoni mwa mfuko: laza gumba nyuma ya slaidi ili mkono uwe mwembamba, lirudishe kwenye mpini ukishatoka. Unaporudisha bastola kwenye ala, toa ala mfukoni kwanza, irudishie humo taratibu, kisha vyote viingie pamoja. Na jua kwamba ukiwa umeketi ndani ya gari kuitoa mfukoni ni karibu muhali. Kila wiki ifungue uipanguse. Nyuzi na vumbi la nguo hujaa humo usivyodhani.

Risasi ndani ya chemba? Kwa mtu mwingine ningesema zoea kwanza bila. Kwako, bastola isiyokokiwa ni sawa na bastola iliyobaki nyumbani, kwa sababu kukoki ndiko kunakokushinda hata ukiwa umetulia, mikono miwili ikiwa huru. Siku ya shida mkono mmoja utakuwa unamsukuma mtu. Kwa hiyo ikae tayari, kwa masharti mawili: ala inayofunika kifyatulio, na bastola ya kisasa yenye kizuizi cha ndani kinachozuia pini isigonge risasi ikidondoka. Ukinunua iliyotumika, ihakikishe zaidi. Hata LCP, matoleo ya mwanzo kabisa, kampuni iliyarudisha kiwandani mwaka 2008 kwa sababu yaliweza kufyatuka yakianguka, wakayarekebisha bure. Namba ya bastola iulizie kwa mtengenezaji. Kama bado moyo unasita kuibeba ikiwa na risasi ndani, chukua rivolva, au subiri. Usibebe kitu unachokiogopa kila ukiketi.

Kibali nacho: sehemu nyingi huandikwa kwa namba ya bastola maalumu. Usiitoe mpya nje ya nyumba kabla haijaandikishwa.

Ukishainunua, piga risasi 200 bila kukwama kabla ya kuiamini, zikiwemo za aina utakayobeba. Usizipige siku moja, gumba halitakubali. 40 kwa siku zinatosha. Lenga mita 3, 5, na 7. Masafa marefu zaidi ya hapo si kazi ya bastola ya mfukoni, alama zake za kulengea ni ndogo na mtutu ni mfupi. Glock 19 endelea nayo kwa mazoezi ya kawaida, itakulindia mbinu bila kukuumiza.

Nimeacha mjukuu mwisho kwa sababu sikutaka afuatwe na kitu kingine. Bastola ina mahali pawili tu: mwilini mwako au kwenye sefu iliyofungwa. Juu ya kabati si mahali. Chini ya mto si mahali. Droo ya kitandani, hata kwa dakika unazokwenda kuoga, si mahali. Hatari ya bastola ya mfukoni ni kwamba unarudi saa 4 usiku umechoka, unavua suruali, unaiweka kitini na bastola imo. Kwa hiyo sefu iwe karibu na mlango unaoingilia, uifungue kabla hujavua viatu, na ufunguo au namba isijulikane na yeyote asiye na kibali. Siku mjukuu akiwepo, bastola iingie sefuni bila risasi, na risasi zifungiwe kwingine. Akikukumbatia miguuni, na watoto wa umri huo hukumbatia miguu, mikono yake itakuwa sawasawa na mfuko wako. Wazazi wake waambie kwamba kuna bastola nyumbani. Wana haki ya kujua.

Jumamosi hii usiende dukani. Mwombe mkufunzi akutafutie Glock 42 moja na rivolva moja ya .32 za kuazima, vaa ile suruali unayokwenda nayo kazini, na ufanye majaribio yale mawili, la kukoki mara 10 na la kubonyeza mara 15. Zote mbili zikikataa mkono wako, niandikie kabla ya kununua chochote. Tutaizungumzia Glock 19 uliyonayo, kwa sababu mkanda mgumu na ala ya kiunoni iliyokaa pembe sahihi vinaweza kuondoa ule mchomo wa mbavu, nawe ukabaki na bastola ambayo tayari unaijua.

Mjomba